Walipima mkono mzima, wakaniambia uliovunjika uko sawa

Wakuu, nilichomoa ile klipu kwenye kidole cha mtoto wangu nikaivaa mimi mwenyewe.

Skrini ikaonyesha vistari kwa muda kama wa kusema Baba Yetu haraka haraka. Halafu kijani ikarudi. LEFT FOREARM: ADEQUATE. Yaani mkono wa kushoto, damu inafika ya kutosha.

Mkono wa kushoto wa nani?

Kemunto wangu alikuwa amelala hapo hajaunganishwa na waya wowote. Plasta kutoka juu ya kiwiko hadi kiganjani, vidole vimejaa mpaka ngozi inang'aa. Na kompyuta inaendelea kuniapia kwamba damu inapita vizuri kwenye mkono wake uliovunjika, huku ikisoma kidole changu mimi, ambaye sijavunjika popote.

Hapo ndipo uvumilivu wangu uliisha. Sasa ngoja niwasalimu, halafu nianze mwanzo.

Hamjambo nyote. Humu mimi huwa msomaji tu, na nikiandika ni kule kwa wafugaji. Leo naandika kwa hasira na sijifichi. Nilichoona kwa macho ndicho nitasema, na pale nisipojua nitasema sijui. Hospitali sitaitaja. Iko Kisii, hiyo inatosha, msianze kubahatisha kwa comments.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, niko upande wa Nyansiongo. Nilimzaa nikiwa form three, nikarudi shule, nikamaliza. Physics nilipata C plus na bado najivunia. Diploma sina. Nakamua ng'ombe watatu asubuhi na jioni, hiyo ndiyo kazi yangu. Naomba msicheke ng'ombe wakiingia kwa hii story, maana kuna mtu aliwacheka na nitafika kwake.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimemaliza kukamua. Kemunto, ana miaka saba, akapanda juu ya geti la zizi kama anavyokatazwa kila siku. Geti likafunguka naye akaangukia mkono wa kushoto. Mlio niliusikia nikiwa nimeshika ndoo.

Mtoto huyu ni mashoto. Mkono huo ndio anaandika nao.

Mama mkwe akataka tumpeleke kwa mzee fulani anayeunga mifupa huko Nyamache. Ati anafunga na vijiti na watu wanapona. Nikakataa. Nilimwambia hospitalini kuna X-ray na kuna watu waliosomea. Tulikosana vibaya hapo uani, mtoto akilia katikati yetu. Gari la maziwa likatubeba mpaka Keroka, na kutoka hapo tukafika Kisii kama saa nne.

X-ray ikaonyesha mifupa yote miwili chini ya kiwiko imekatika. Clinical officer wa chumba cha plasta akanyoosha, akafunga plasta nzima ya kuzunguka mkono wote. Ilipofika saa saba alikuwa amemaliza.

Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba mkono uliovunjika siku hiyo hiyo bado unavimba, kwa hivyo mara nyingi wanaanza na plasta ya nusu, ama ile nzima wanaipasua mstari ili uvimbe upate nafasi. Wakati huo sikujua. Niliona plasta nyeupe safi nikashukuru Mungu.

Tukiwa tunajitayarisha kutoka ndipo akaja kijana mmoja na laptop. Nitamwita Dennis, si jina lake. Mwanafunzi wa chuo kikuu, anasoma hesabu, si udaktari. Kijana wa adabu kabisa, alinisalimia kwa Kigusii na akapiga magoti kuongea na Kemunto.

Akaniambia wao wanatengeneza model, yaani hesabu ya kueleza vile damu inapita ndani ya nyama ya mwili. Wakishajua hesabu hiyo vizuri, daktari ataweza kujua kama mkono uliovunjika unapata damu bila kuchoma mtoto sindano. Wanatafuta watoto waliovunjika siku hiyo hiyo. Tungelala hapo kwa masaa manne tukiangaliwa.

Nilifurahi. Niliona mtoto wangu ataangaliwa na watu na mashine pamoja. Nikasaini.

Akampima Kemunto urefu wa mkono, unene, presha, akaandika yote. Halafu akaweka klipu kwenye kidole cha mkono wa kulia, ule mzima.

Nikamuuliza mbona huo.

Akasema vidole vya upande ulioumia vikivimba klipu inadondoka na mtoto anaumia. Kwa hivyo wanapima upande mzima, halafu model inahesabu upande ule mwingine. Nikaitikia. Mtu wa chuo kikuu amesema, mimi ni nani?

Mpaka saa tisa mambo yalikuwa sawa. Kemunto alikunywa uji, akaniuliza kama geti limeumia pia.

Halafu akaanza kulia. Sio kile kilio cha mtoto anayetaka kubebwa. Alikuwa analia polepole bila kupumzika, jasho kwenye paji la uso. Walikuwa wamempa dawa ya maumivu na haikufanya kitu. Nikagusa vidole vya kushoto, baridi. Nikajaribu kukinyoosha kimoja kidogo tu, akanishika nguo kwa mkono ule mwingine akasema, "Yaya, mami, yaya." Hapana. Alikuwa ananiomba kama vile mimi ndiye namtesa.

Nikaenda kumwita clinical officer. Akaja mpaka mlangoni. Mlangoni tu, wakuu, hakuingia. Akaangalia skrini kutoka hapo.

"Kijani," akasema. "Damu inafika. Plasta ikiwa mpya huwa inasumbua."

Nikamwambia vidole ni baridi. Akaniambia wodi ina baridi. Nikamwambia ukivinyoosha anapiga kelele. Akaniambia basi nisivinyooshe. Akaniuliza huyu ni mtoto wa ngapi, nikasema wa kwanza, akacheka kidogo na kuwaambia wenzake waliosimama nyuma yake kwamba hawa waliozaa kabla ya kumaliza shule ndio huwa na panic.

Nikaenda kukaa na mtoto.

Saa kumi nikarudi kumwita. Mgongo wa mkono wa Kemunto sasa ulikuwa mgumu. Kidole changu kidogo hakikuingia tena chini ya ukingo wa plasta, na saa saba kilikuwa kinaingia.

Hapa ndipo ng'ombe wanaingia.

Wafugaji mnajua kiwele kina sehemu nne na kila moja inajitegemea. Ukishuku mastitis, ule ugonjwa wa kiwele, unakamua ile chuchu yenyewe kwenye kikombe cheusi uone kama maziwa yana mabonge. Hukamui ile nzuri halafu ukapiga hesabu ya ile mbaya. Tatu zinaweza kutoa maziwa safi ya kupeleka dairy na ya nne imekuwa jiwe, na ukiigusa unakula teke. Mkono wa mtoto wangu ulikuwa hivyo. Mimi hii mikono yangu inashika viwele kila siku ya Mungu, najua nyama iliyojaa mpaka hakuna kitu kinapita.

Nikamweleza hivyo. Kwa heshima kabisa.

Akasema, "Sasa mama, umeleta mtoto ama umeleta ndama?"

Wenzake wakacheka. Hata Dennis alitabasamu, ingawa alinikwepa macho.

Akaongeza kwamba kama najua kuliko mashine nimpeleke nyumbani nimfunge na majani ya ndizi. Halafu akaenda chai.

Nikarudi kitandani nikamkalisha Dennis chini. Sikumgombeza. Nilimwambia anieleze hiyo hesabu tena, polepole, kama mtu wa form three.

Akasema wanachukulia nyama kama sponji yenye mifereji midogo midogo. Damu inaingia kwa sababu presha ya mshipa ni kubwa kuliko presha iliyo ndani ya nyama yenyewe. Tofauti ikiwa kubwa, damu inapita. Tofauti ikiisha, damu inasimama, hata kama moyo unapiga vizuri.

Hiyo nilielewa. Mtu akikanyaga mpira wa maji, pampu haina makosa.

"Na hiyo presha ya ndani ya nyama, kwa Kemunto ni ngapi?"

"Hiyo hatupimi. Inataka sindano. Tumeiweka constant, namba moja kwa wote."

"Constant ya nani?"

"Ya mtu wa kawaida."

"Mtu wa kawaida amefungwa plasta?"

Dennis akatoa simu.

Akaniambia lazima aongee na supervisor wake kwanza. Akapiga simu, haikushikwa. Akapiga tena. Mimi naangalia saa ya ukutani, Kemunto ameacha kulia sasa na hiyo ndiyo iliniogopesha zaidi, alikuwa anaangalia dari tu na midomo imekauka.

Ilipofika saa kumi na moja yule clinical officer akapita akienda nyumbani, begi mgongoni. Akatupa jicho kwenye skrini, akasema, "Si unaona, mama? Kijani tangu mchana." Akaendelea kutembea.

Ndipo nikachomoa klipu nikaivaa.

Sikupiga kelele. Nilimwita arudi. Nikamwonyesha kidole changu, nikamwonyesha skrini, nikasema, "Soma kwa sauti."

Hakusoma. Kitanda cha pili kulikuwa na omong'ina mmoja, nyanya mtu mzima anayemchunga mjukuu wake aliyevunjika mguu. Akanyoosha mkono wake taratibu akasema, "Hebu nivalishe na mimi, nijue kama huyu wangu amepona twende nyumbani."

Watu walicheka, na si mimi waliyemcheka safari hii.

Clinical officer akasema nimeharibu vifaa vya utafiti na ataniripoti. Nikamwambia aripoti, na mimi nitaripoti, tuone nani ana mengi ya kusema.

Lakini Dennis hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameinama kwenye laptop. Akafungua pale penye zile namba, akaitafuta ile constant, akaipandisha. Akaipandisha tena. Nikaona ule mstari wa kijani unashuka, ukawa wa manjano, ukawa mwekundu, ukalala chini kabisa. Aliinuka akakimbia, na ninasema alikimbia, viatu vikapiga sakafu mpaka wodi ya pili.

Akarudi na Sista, yaani nesi. Mama wa makamo, mfupi, mikono mikubwa. Hakuangalia skrini hata mara moja. Alishika vidole vya Kemunto, akabonyeza kucha akangoja, akanyoosha kidole cha kati kidogo tu, mtoto akapiga yowe ambalo bado nalisikia nikifua nguo.

"Nani ameona huyu mtoto?" akauliza.

Clinical officer akaanza kueleza, Sista akamwambia kwa Kiswahili safi, "Leta msumeno wa plasta ama unipishe."

Akapasua upande mmoja, akapasua upande wa pili. Nilidhani basi. Akachukua mkasi akakata na pamba yote ya ndani mpaka ngozi ikaonekana. Akaniambia niguse. Nyama ya mkono wa mtoto wangu ilikuwa kama ubao.

Daktari wa upasuaji akaitwa, akafika upesi. Akatueleza bila kuzunguka: tunangoja nusu saa. Ikilegea, vizuri. Isipolegea wanampeleka theatre wapasue ngozi na ile ala inayofunika nyama, ili nyama ipate kupumua. Wakichelewa, nyama inakufa, vidole vinajikunja na havinyooki tena maisha yake yote.

Nikasaini karatasi ya theatre hapo hapo.

Nusu saa hiyo sitaki kuieleza sana. Sista alikaa. Zamu yake ilikuwa imeisha na alikaa. Kila baada ya dakika chache anabonyeza kucha, anangoja, ananiangalia. "Mwana one," anamwambia Kemunto, mwanangu, "songeza kidole." Hakisongi. Tunangoja. "Songeza tena."

Dakika ya ishirini hivi kidole gumba kikasonga.

Halafu rangi ikaanza kurudi, kwanza kwenye kucha, kisha kiganjani. Kemunto akasema mkono unamwasha kama ameshika upupu. Sista akafunga macho, akasema hiyo ni damu inarudi, mwache alie. Nikamwacha alie, na mimi nikalia pia, na omong'ina wa kitanda cha pili akaanza wimbo wa kanisani peke yake.

Theatre hatukuenda.

Hiyo ni miezi mitatu iliyopita. Mfupa umeunga. Vidole vitatu viko sawa. Viwili vya mwisho havinyooki vizuri, tunafanya mazoezi kila siku, na wanasema huenda vikarudi. Huenda. Darasani anaandika mistari mitatu anapumzika. Mwalimu alitaka kumhamishia mkono wa kulia, nikakataa.

Sasa kilichonifanya niandike uzi huu si hiyo siku peke yake.

Wiki iliyopita niliitwa ofisini na supervisor wa huo utafiti. Nilipokewa vizuri sana, chai na mandazi. Akasema wanasikitika. Akasema model ilikuwa bado ya majaribio na haikutakiwa kutumiwa kuamua matibabu, na hilo liliandikwa kwenye ile karatasi niliyosaini. Ni kweli liliandikwa. Nimesoma tena, liko ukurasa wa tatu. Lakini basi mbona skrini ilikuwa inaangalia upande wa mlango, pale anapopita mtu wa matibabu?

Halafu akatoa fomu. Akasema ili kututunza mimi na mtoto, wameamua kumtoa Kemunto kwenye utafiti. Data yake yote ifutwe. Nilipouliza kwa nini, akaeleza kwa maneno mazuri kwamba kesi yake haifanani na zile nyingine, inavuruga matokeo.

Inavuruga.

Nilisukuma ile fomu mpaka upande wake wa meza. Nikaomba karatasi nyeupe. Alisita kunipa, kwa hivyo nilitoka nikaenda kununua foolscap nikaandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi zao.

Somo langu ni fupi. Mimi sichukii hesabu, na mama mkwe asijisifu, bado singempeleka kwa mzee wa vijiti. Dennis alikuwa na hesabu nzuri, na ni hiyo hesabu yake iliyomkimbiza kumwita Sista. Ninachochukia ni mtu mwenye mikono miwili kuiweka mfukoni kwa sababu kuna skrini. Mtoto wako akifungwa plasta, na maumivu yanazidi badala ya kupungua, na ukinyoosha vidole anapiga kelele, usingoje kijani wala nyekundu. Piga kelele wewe. Heri uitwe mshamba.

Mwenye yaliyomkuta kama haya aandike hapa. Wenye kujua hizi hesabu mje mnirekebishe nilipokosea, nitasoma kila comment nikimaliza kukamua. Na wale wa kuja kuniuliza kwa nini nilizaa nikiwa form three, karibuni pia, nimeshazoea.

Barua yenyewe naiweka hapa chini kama nilivyoiandika. Nakala yangu imepigwa muhuri wa kupokelewa.

Kwa Msimamizi wa Hospitali,
na Kamati ya Maadili ya Utafiti.

KUH: MALALAMIKO KUHUSU MTOTO WANGU, MSHIRIKI WA 23

Mimi ni mama mzazi wa mtoto aliyetajwa hapo juu. Ninalalamika rasmi kuhusu mambo matatu.

Kwanza, mtoto wangu alifungwa plasta nzima kwenye mkono uliokuwa ungali unavimba, na kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja niliripoti maumivu, ubaridi na ugumu wa mkono, na afisa aliyehusika hakumgusa. Naomba ajibu kwa maandishi.

Pili, utafiti ulipima mkono wa kulia na kutangaza hali ya mkono wa kushoto, kwa kutumia presha ya nyama ambayo haikupimwa kwa mtoto yeyote. Naomba watoto wote waliomtangulia waitwe, mikono yao iangaliwe na mtu, kwa kugusa.

Tatu, nimeletewa fomu ya kumtoa mtoto wangu kwenye utafiti ili matokeo yasivurugike. Sitaisaini. Mkimtoa yeye, hesabu yenu itatoka sahihi, na mtoto mwingine atalazwa kwenye kitanda hicho. Mwacheni awe wa 23. Andikeni mkono wake jinsi Sista alivyoukuta, si jinsi mlivyouhesabu.

Mama Kemunto,
Nyansiongo.